Mawe ya Gettysburg na Majina Yasiyoandikwa

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Pennsylvania, kama maili 80 kaskazini ya mji mkuu wa Washington, kuna mji mdogo uitwao Gettysburg. Mji huu si bandari, wala hauna migodi ya dhahabu, wala hakuna mto mkubwa upitao kando yake. Ni mji wa wakulima, uliozungukwa na mashamba ya ngano, mahindi na matunda, na barabara kumi hukutana hapo kama mishipa ya jani. Lakini kila mwaka watu kwa mamia ya maelfu hufunga safari kutoka kila upande wa nchi ile, na kutoka ng'ambo pia, ili kuutazama. Jambo wanalolijia ni mawe.

Mawe hayo ni zaidi ya 1,300. Mengine ni minara mirefu yenye sanamu za majemadari juu ya farasi. Mengine ni nguzo za kadiri ya kimo cha mtu. Mengine ni mawe madogo tu, yaliyochongwa pembe na kuchimbwa ardhini kama vigingi vya mpaka wa shamba. Kati yake ipo mizinga ya zamani ipatayo 400, imeelekezwa upande ule ule ilikoelekezwa siku ya vita. Mgeni aweza kutembea kutwa nzima, akisoma jiwe baada ya jiwe, na jua likamchwea kabla hajamaliza hata robo yake.

Msafiri mwenye haraka hupiga picha na kwenda zake. Bali mwenye kusoma kwa utaratibu hugundua kwamba kila jiwe lina mwenyewe, yaani lilisimamishwa na watu fulani, kwa fedha zao, ili liseme neno walilotaka lisemwe. Naye akiisha kujua hivyo, hujiuliza swali la pili: Je, wale ambao hawakuwa na fedha za kununua jiwe, habari zao zimeandikwa wapi?

SIKU TATU ZA MWEZI WA JULAI

Yafaa kwanza kukumbusha sababu ya vita vyenyewe. Mwaka 1861 majimbo 11 ya Kusini yalikuwa yamejitenga na Serikali ya Marekani, kwa kuwa matajiri wake walitaka kuudumisha utumwa. Katika majimbo ya utumwa walikuwako watu weusi wapatao milioni 4, waliouzwa na kununuliwa kama ng'ombe sokoni. Rais Abraham Lincoln hakukubali nchi igawanyike, na vita vikaendelea miaka minne, hata mwaka 1865.

Katika mwezi wa Juni 1863, Jemadari Robert E. Lee wa Kusini alivuka mpaka na jeshi lake la watu zaidi ya 70,000, akaingia Pennsylvania. Jeshi la Kaskazini, la watu zaidi ya 90,000, chini ya Jemadari George G. Meade, likamfuata. Majeshi hayo mawili yalikutana Gettysburg, mahali ambapo hakuna aliyepachagua, ila kwa sababu barabara zote zilielekea huko. Mji wote ulikuwa na wakazi wapatao 2,400 tu.

Walipigana tarehe 1, 2 na 3 Julai. Siku ya tatu Jemadari Lee aliwaamuru askari wapatao 12,000 wavuke konde wazi la karibu maili moja, wakielekea mgongo wa kilima uliojaa mizinga na bunduki za adui. Baada ya muda usiotimia saa moja zaidi ya nusu yao walikuwa wameuawa, au wamejeruhiwa, au wametekwa. Kesho yake usiku Lee akaanza kurudi Kusini. Hesabu ya waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea wa pande zote mbili ilikaribia 51,000. Kwa kila mkazi mmoja wa mji ule, zaidi ya askari 20 walipatwa na msiba.

JIWE LA RISASI YA KWANZA

Msafiri ajaye kwa barabara ya magharibi, itokayo Chambersburg, hukuta kando ya njia nguzo nyembamba ya jiwe, karibu na nyumba ya zamani. Nguzo hiyo yaeleza kwamba hapo ndipo ilipopigwa risasi ya kwanza, tarehe 1 Julai 1863, saa moja na nusu ya asubuhi. Aliyeipiga ni Luteni Marcellus Jones wa Kikosi cha 8 cha Farasi cha Illinois. Serikali haikuliweka jiwe hilo. Mwaka 1886 Jones mwenyewe pamoja na wenzake wawili walilileta kutoka kwao Illinois, wakalisimamisha. Watu wa vikosi vingine walidai kwamba risasi ya kwanza ilikuwa yao. Lakini wenye jiwe ndio wanaosomwa hata leo.

Hivyo ndivyo yalivyoanza mawe mengi ya Gettysburg. Chama cha kuutunza uwanja huo kilianzishwa mwaka 1864, vita vingali vikiendelea. Mwaka 1879 Kikosi cha 2 cha Massachusetts kikaweka kibao chake juu ya mwamba, mahali askari wake walipoanguka, nacho ndicho kikosi cha kwanza kuweka ukumbusho wake nje ya makaburi. Baada ya hapo vikosi vingine viliona haya kubaki nyuma. Wazee waliopigana walichanga fedha, serikali za majimbo yao zikaongeza, mafundi wa kuchonga mawe wakapata kazi kwa miaka mingi.

Mwaka 1895 uwanja wote ulikabidhiwa kwa Wizara ya Vita. Wizara ikaweka vibao vya shaba kwa kila kundi kubwa la askari, wa Kaskazini na wa Kusini pia, ikaweka na sheria kwamba maneno ya vibao hivyo yaeleze mambo yaliyotendeka bila sifa wala lawama. Hata mgeni asiyejua kusoma aweza kuvitambua: vya Kaskazini vimewekwa juu ya kitako cha pembe nne, na vya Kusini juu ya kitako cha mviringo. Tangu mwaka 1933 uwanja umekuwa chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Wako pia waongozaji wa wageni, na tangu mwaka 1915 mtu hapewi ruhusa ya kazi hiyo mpaka afanye mtihani na kufaulu.

KESI YA HATUA CHACHE

Mtu asidhani kwamba wazee wale waliweka mawe yao kwa upole. Chama kilikuwa kimeamuru kwamba kila kikosi kiweke jiwe lake pale kilipojipanga kwa vita, si pale kilipokimbilia baadaye. Sababu yake ilikuwa nzuri, maana kila mtu angetaka kujiweka mbele, na mbele hapangetosha.

Kikosi cha 72 cha Pennsylvania hakikuridhika. Siku ya tatu kilikuwa kimesimama nyuma kidogo ya ukuta wa mawe ambapo maadui walivunja safu. Kisha kikasogea kwenda ukutani, na hapo vita vikaisha. Chama kikasema jiwe likae nyuma. Wazee wa kikosi wakasema likae mbele, ukutani. Mmoja wao alipoanza kuchimba msingi alikamatwa kwa kosa la kuingia ardhi ya wenyewe. Shauri likaenda mahakamani, likapanda hata Mahakama Kuu ya jimbo, na mwaka 1891 wazee wakashinda. Leo sanamu yao imesimama karibu na ukuta ule: ni askari aliyeigeuza bunduki yake, ameishika kwa mtutu kama rungu, tayari kupiga.

Huenda msomaji akacheka kusikia watu wazima wakishtakiana kwa ajili ya hatua chache za ardhi. Lakini wakulima hawatacheka sana, kwa kuwa wajua jinsi kigingi cha mpaka kiwezavyo kuwafikisha ndugu mbele ya hakimu. Wazee wale walijua kwamba wao watakufa, na mashahidi wao watakufa, na siku moja litabaki jiwe peke yake. Mahali litakaposimama, hapo ndipo wajukuu wataamini kwamba babu yao alisimama.

KICHAKA CHA MITI NA SHOKA LA MKULIMA

Karibu na ukuta huo kipo kichaka kidogo cha miti, kimezungushiwa ua wa chuma. Mbele yake kuna kitabu kikubwa cha shaba, kilichofunuliwa juu ya kitako cha mawe, kilichowekwa mwaka 1892. Kitabu hicho chaeleza kwamba hapo ndipo maji ya Kusini yalipofika kilele cha kujaa kwake, kisha yakaanza kupwa. Aliyeeneza neno hilo ni Bwana John Bachelder, mtu aliyetumia karibu miaka 30 kuwauliza askari habari za vita na kuchora ramani zake. Yeye alishikilia kwamba kichaka kile ndicho shabaha waliyopewa askari wa Kusini walipovuka konde. 

Lakini miti ile nusura isiwepo. Baada ya vita, shamba lile lilinunuliwa na mkulima mweusi aitwaye Basil Biggs. Bwana Biggs alizaliwa Maryland mwaka 1819, akahamia Gettysburg mwaka 1858 ili watoto wake wapate kwenda shule. Wakati wa vita alikuwa mpangaji katika shamba la mtu mwingine, magharibi ya mji. Akakimbia, na aliporudi alikuta nyumba imefanywa hospitali ya askari wa Kusini, mali yake imekwisha, na makaburi yamejaa shambani. Akaanza upya, hata akaweza kununua shamba lake mwenyewe.

Siku moja Bachelder alimkuta Biggs akiikata miti ya kichaka kile apate mbao za ua. Kwa mkulima hilo lilikuwa jambo la kawaida, maana ua zote zilikuwa zimechomwa na majeshi kwa kuota moto. Bachelder alimsihi aache, Biggs asikubali. Ndipo Bachelder akamwambia kwamba akiikata atapata bei ya mbao tu, lakini akiiacha isimame, siku moja italipwa mara nyingi zaidi kwa sababu ya historia yake. Maneno hayo mkulima aliyaelewa, akaweka shoka chini. Miaka ya 1880 ilipoanza, chama kilinunua kichaka hicho kutoka kwake.

Kitabu cha shaba kimeorodhesha vikosi vya wale walioshambulia na vya wale waliozuia. Jina la Basil Biggs halimo.

EKARI 12 ZA BWANA BRIAN

Kutoka kichakani mtu akitembea dakika chache kuelekea kaskazini, juu ya mgongo ule ule wa kilima, atafika kwenye nyumba ndogo nyeupe na ghala lake. Hii ilikuwa nyumba ya Abraham Brian, mtu mweusi huru, aliyelinunua shamba hilo la ekari 12 mwaka 1857. Alilima ngano na shayiri na majani ya mifugo, akawa na miti michache ya matunda. Hakuwa tajiri, bali alikuwa na kitu ambacho mamilioni ya watu wa rangi yake katika nchi ile hawakuwa nacho, yaani ardhi yenye hati kwa jina lake.

Jeshi la Lee lilipoukaribia mpaka, Brian aliichukua jamaa yake akakimbia. Hakukimbia kwa woga wa risasi tu. Katika safari ile askari wa Kusini walikuwa wakiwakamata watu weusi wa Pennsylvania, hata waliozaliwa huru, wanaume kwa wanawake na watoto, na kuwapeleka Kusini utumwani. Jirani mweupe wa Brian aweza kubaki na kujificha chini ya sakafu. Brian mwenyewe hakuweza. Kama angekamatwa, asingepoteza mazao yake tu, bali nafsi yake.

Aliporudi alikuta kuta zimetobolewa kwa risasi, vyombo vimetupwa uani, ua zimechomwa, nafaka imekanyagwa, na maiti wamezikwa katika shamba lake. Wahenga husema: Wapiganapo tembo nyasi huumia. Akaandika madai kwa Serikali, akitaka fidia ya dola 1,028. Aliyopewa ni dola 15.

Makarani watapenda kujua sababu yake. Sheria ya fidia iliruhusu kulipa vitu ambavyo jeshi la Serikali lenyewe lilivichukua na kuvitumia, kama vile majani ya farasi. Haikulipa vitu vilivyoharibiwa na adui, wala vilivyovunjwa na vita vyenyewe. Wakulima wengi wa Gettysburg, weupe kwa weusi, walirudishwa na madai yao mikononi kwa ajili ya sheria hiyo. Familia ya Sherfy, yenye bustani ya mipichi ambayo jina lake liko katika kila kitabu cha vita hivyo, ilipoteza ghala lake kwa moto, na ndani yake walikuwamo majeruhi. Familia ya Rose iliona konde lake la ngano likinyang'anywa na pande mbili tena na tena katika alasiri moja, mpaka ikawa shida kupita bila kukanyaga maiti.

Brian alilima miaka michache zaidi, na mwaka 1869 akauza shamba. Akahamia mjini, akafanya kazi katika hoteli. Pengine aliwahudumia wageni waliokuja kuutazama uwanja uliokuwa umemeza mavuno yake. Nyumba yake Idara imeitengeneza, na kibao kimewekwa kuwaeleza wapitao habari zake. Mamia ya mawe yalitangulia kusimamishwa kabla ya kibao hicho.

MAKABURI MAWILI

Kusini ya mji, kilimani, yako Makaburi ya Taifa ya askari. Bwana William Saunders, mtaalamu wa bustani mwenye asili ya Scotland, aliyapanga kwa nusu duara, kila jimbo na sehemu yake, wala hakuna tofauti kati ya afisa na askari wa kawaida. Vijiwe vyake ni vya chini, vimelala karibu na majani. Vingine havina jina wala jimbo. Vina nambari tu, kwa kuwa askari wapatao 979 hawakutambuliwa. Hapo ndipo Rais Lincoln aliposema hotuba yake tarehe 19 Novemba 1863. Msemaji aliyemtangulia, Edward Everett, alizungumza kwa saa mbili. Lincoln alisimama kama dakika mbili, akasema maneno yapatayo 270, akaketi. Hotuba ya saa mbili wameisahau karibu wote. Hiyo fupi watoto wa shule huisoma kwa moyo.

Lakini ni nani aliyewaleta wafu hao kilimani? Kuanzia Oktoba 1863 mpaka Machi 1864, maiti 3,354 walifukuliwa mashambani na kuletwa hapo. Mkataba ulitolewa kwa dola 1.59 kwa kila maiti. Kazi yenyewe ya kuchimba ilisimamiwa na Basil Biggs yule yule, pamoja na kundi la wanaume weusi alioajiri. Bwana Samuel Weaver alisimama juu ya kila kaburi, akakagua nguo, viatu, na barua za mifukoni, ili asije akazikwa humo askari wa Kusini kwa makosa. Wanaume wale waliifanya kazi ambayo wengi wangeikimbia, siku za baridi kali, na kwa fedha zake Biggs akaanza kujijenga tena.

Nje ya Makaburi ya Taifa, katika makaburi ya raia yaliyo jirani, iko sanamu ya mwanamke mwenye mimba, ameegemea koleo, anajipangusa jasho la uso. Huyo ni Elizabeth Thorn. Mumewe, mtunzaji wa makaburi hayo, alikuwa jeshini. Yeye, akiwa na mimba ya miezi sita, pamoja na baba yake mzee, walichimba makaburi zaidi ya 90 katika joto la Julai. Sanamu yake iliwekwa mwaka 2002, yaani miaka 139 baada ya kazi yake.

Makaburi ya pili yako upande mwingine wa mji, kando ya njia iitwayo Long Lane. Hayo huitwa Lincoln Cemetery, nayo yalianzishwa mwaka 1867 na chama cha watu weusi wa Gettysburg. Katika vita vile watu weusi wapatao 180,000 walitumikia jeshi la Kaskazini. Vikosi vyao havikupigana Gettysburg, lakini vijana wa Gettysburg walijiunga navyo, wakapigana mahali pengine. Waliporudi na kufa, desturi ya kutenga watu kwa rangi iliwafuata hata kaburini. Katika Makaburi ya Taifa walizikwa wachache mno, mmoja wao akiwa Henry Gooden wa Kikosi cha 127 cha askari weusi. Wengine wapatao 30 wamelala katika Lincoln Cemetery, nao waliivaa sare ile ile ya buluu.

Humo pia wamezikwa Abraham Brian na Basil Biggs. Aliyewachimbia wengine makaburi ya heshima katika kilima cha Taifa, mwenyewe akalazwa kando.

MAWE YA WALIOSHINDWA

Wafu wa Kusini nao walikuwa na taabu yao. Waliachwa katika mashimo ya mashambani karibu miaka minane, wakulima wakilima pembeni mwao. Kati ya mwaka 1871 na 1873 vyama vya wanawake wa Kusini viliomba wafukuliwe, na Daktari Rufus Weaver, mwana wa yule Samuel, akapeleka mabaki ya zaidi ya watu 3,000, wengi wao mjini Richmond. Daktari hakulipwa fedha zake zote mpaka alipokufa.

Minara mikubwa ya Kusini ilikuja baadaye. Virginia ulitangulia mwaka 1917, na juu yake Jemadari Lee ameketi juu ya farasi wake, akitazama kuvuka konde lile la maili moja. Upande wa pili, karibu na kichaka cha miti, yuko Jemadari Meade juu ya farasi wake, naye anamtazama Lee. North Carolina uliwekwa mwaka 1929, kazi ya Gutzon Borglum, yule aliyechonga nyuso za Marais katika mlima wa Rushmore. Tennessee ulikuwa wa mwisho katika majimbo hayo, mwaka 1982.

Jemadari mmoja wa Kusini alingoja kuliko wote. James Longstreet, aliyeshindana na Lee akimsihi asifanye shambulio la siku ya tatu, baada ya vita alijiunga na chama cha Lincoln, akaunga mkono haki za watu weusi. Watu wa kwao walimchukia kwa hayo, wakamtupia lawama za kushindwa Gettysburg. Sanamu yake haikuwekwa mpaka mwaka 1998, nayo haikupandishwa juu ya mnara. Farasi wake amesimama chini, karibu na majani. Hapo msomaji aona kwamba hata katika majemadari, jiwe hutolewa au huzuiwa kwa sababu ya mambo yaliyotokea baada ya vita.

Katika miji ya Kusini sanamu nyingi za namna hiyo zimekwisha kuondolewa. Ile kubwa ya Lee mjini Richmond iliteremshwa mwezi wa Septemba 2021. Wale waliotaka ziondolewe walisema kwamba zilisimamishwa katikati ya miji ili kuwasifu waliopigania utumwa, na kuwakumbusha watu weusi mahali pao. Mawe ya Gettysburg yamebaki. Wenye kuyatetea husema kwamba uwanja wa vita si uwanja wa mji, na kwamba huwezi kueleza vita kwa kuonyesha upande mmoja. Mashindano hayo hayajaisha. Ila jambo moja limebadilika: jumba la makumbusho lililofunguliwa Gettysburg mwaka 2008 hueleza utumwa waziwazi kuwa sababu ya vita, jambo ambalo mawe mengi hayalitaji kabisa.

TAA YA AMANI

Safari yafaa imalizikie kaskazini ya mji, katika kilima uliko mnara wenye taa ya moto juu yake. Rais Franklin Roosevelt aliufungua tarehe 3 Julai 1938, vita vilipotimiza miaka 75. Wazee wapatao 1,800 wa pande zote mbili walihudhuria, na wastani wa umri wao ulikuwa zaidi ya miaka 90. Miaka 25 kabla yake, mwaka 1913, wazee zaidi ya 50,000 walikuwa wamekutana katika uwanja huo huo, wakapeana mikono juu ya ukuta wa mawe ambapo waliuana.

Ni jambo jema maadui kupatana, na hakuna mtu mwenye akili atakayelidharau. Lakini ukaribishaji ule ulikuwa na kasoro yake. Walioshikana mikono walikuwa ndugu waliogombana. Yule ambaye ugomvi ulikuwa kwa ajili yake hakupewa nafasi mezani. Mwaka 1913, katika majimbo mengi ya Kusini, mtu mweusi alikuwa hawezi kupiga kura wala kuketi karibu na mweupe katika gari la moshi. Amani iliandikwa juu ya mawe kabla ya haki kuandikwa katika sheria.

Kutoka kilima hicho mtu huyaona mashamba. Idara huyakodisha sehemu yake kwa wakulima, ili yaendelee kulimwa kama yalivyolimwa mwaka 1863, na mipichi imepandwa tena mahali ilipokuwa ya Sherfy. Wakati wa mavuno trekta hupita polepole kati ya minara, na dereva hukata kona kuyakwepa mawe.

Msafiri mwenye busara, kabla hajaondoka, husimama kitambo mbele ya ile nyumba nyeupe ya ekari 12. Hapo hakuna farasi wa shaba wala mabawa ya malaika. Kuna mlango, na dirisha, na ghala, na konde dogo linaloteremka kuelekea mji. Yeye aliyeisoma minara yote bila kufika hapo, amezisikia habari za vita kutoka kwa wale waliokuwa na fedha za kuchonga mawe. Aliyefika hapo amezisikia pia kutoka kwa mtu aliyedai dola 1,028 kwa haki yake, akapewa 15.